Shuka Lisilo na Chumvi

Mtu akitaka kujua vita vya mlimani vilikuwaje, asiniulize habari za bunduki. Sijui bunduki. Aniulize habari za mapaja yangu, ambayo yalichubuka miezi saba mfululizo, yakapona kidogo wakati wa Kwaresima, na huko kupona ndiko ninakotaka kusimulia.

Mwaka wa sitini na tano vijana wetu walikuwa juu, askari wa serikali walikuwa chini, na sisi wazazi wa Karambi tulikuwa katikati tukilima muhogo. Mwanangu Maate alikuwa na miaka ishirini. Nilizaa sita. Wasichana wanne waliolewa, mvulana mmoja alikufa kwa surua, akabaki huyo. Alikuwa na kazi machimboni, kule Bulembia nyuma ya Kasese, anavaa kofia ngumu, analala kwenye chumba chenye taa ya umeme. Siku moja akaiacha kofia, akaiacha taa, akapanda mlima kwenda kupigana. Hakuaga. Alimtuma mtu atuletee blanketi lake, kana kwamba sisi ndio tungeona baridi.

Mume wangu Asanasio ni katekista. Blanketi lilipofika alilikunja, akaliweka juu ya sanduku, na tangu siku hiyo jina la mtoto halikutoka mdomoni mwake. Akitaka kumsema, alisema "yule". Yule amekula? Yule ana viatu? Nilikuwa namjibu kwa hasira kwamba yule ana jina, na jina hilo alimbatiza yeye mwenyewe.

Huko juu chakula kilikuwepo. Walikuwa na viazi, magimbi, maboga, hata nyama ya porini. Walichokosa ni chumvi. Mtu ambaye hajawahi kukaa bila chumvi hudhani ni habari ya ladha tu. Mwezi wa pili miguu inalegea, kichwa kinazunguka, na mtu mzima anaanza kulamba mawe. Askari walilijua hilo kuliko sisi. Waliweka kizuizi kwenye daraja la mto, na kila mwanamke aliyepanda na kikapu alipekuliwa. Ukiwa na samaki, pita. Ukiwa na unga, pita. Ukikutwa na chumvi, utakaa chini juani mpaka useme unampelekea nani.

Basi sisi akina mama tuliivaa, kila mmoja na kambi yake ya kulisha. Nilikuwa nachemsha chumvi ya Katwe katika maji kidogo mpaka ikawa nzito, nikaloweka shuka la merikani humo usiku kucha, kisha nikalianika nyuma ya jiko. Likikauka linakuwa gumu, linasimama lenyewe. Unalifikicha kwa mikono lisitoe sauti, unajifunga kiunoni, juu yake unafunga kitenge cha kawaida, unabeba kikapu chako. Huko kambini walilitumbukiza kwenye chungu cha mboga, wakalikamua, na chakula kikawa chakula. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, na aliyeibuni bila shaka hakuwa yeye wa kulivaa. Ukianza kupanda unatoka jasho, jasho linayeyusha chumvi, chumvi inaingia pale shuka lilipokuchubua. Nilikuwa napanda mlima wa saa tatu nikitembea nimepanua miguu, huku nawaambia watu nina ugonjwa wa nyonga.

Chumvi yenyewe ililetwa na Célestin. Huyu alikuwa mkimbizi wa kutoka Beni, alikimbia vita vya kwao mwaka uliotangulia, akaja na mke wake Esperance, baisikeli moja na kikaango. Tuliwapa kibanda pembeni ya kahawa yetu. Alikuwa anakwenda Katwe kwa baisikeli, anarudi na mzigo, na Asanasio anaupokea mlangoni bila kuniangalia, anasema kwa sauti, "Chumvi ya mbuzi imefika." Tulikuwa na mbuzi wawili. Kwa chumvi iliyoingia nyumba ile, mtu angedhani tunafuga mbuzi wa wilaya nzima.

Kila Jumanne, siku ya soko, nilipanda. Kizuizini wimbo ulikuwa ule ule.

"Simama hapo! Weka kikapo chini! Iko nini ndani?"

"Samaki ya Hamukungu, afande."

"Peleka wapi?"

"Kwa shemeji, afande. Iko mgonjwa."

"Kila wiki iko mgonjwa?"

"Ni mzee, afande."

"Haya, pita. Pita haraka!"

Nilipita, lakini haraka sikuweza.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa pango moja chini ya mianzi. Hapo alikaa Naome, mjane wa ukoo wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea. Mzazi hakuruhusiwa kupita pale. Nilivua shuka, nikampa, naye akanipa la wiki iliyopita limefuliwa. Baadaye Maate mwenyewe ndiye aliyeshuka kulichukua na kulipeleka kambini. Miezi saba nilikalia jiwe ambalo mwanangu angelikalia saa mbili baadaye, na sikumwona hata kisigino. Nilikuwa namwuliza Naome, amenenepa? Amekonda? Naome alikuwa na jibu moja. "Yupo, mama."

Kwaresima ilipoanza, tangazo lilisomwa kanisani baada ya ibada. Kijana yeyote atakayeshuka kabla ya Pasaka, jina lake likaandikwa ofisini Bwera, atakwenda nyumbani kwake, hataulizwa kitu. Baada ya Pasaka askari watapanda na mizinga, na atakayekutwa juu atakutwa huko huko.

Asanasio alirudi nyumbani akaketi na kofia kichwani. Kisha akasema, "Maate ashuke."

Nilidondosha mwiko. Alikuwa amemtaja.

Jumanne ile nilimwomba Naome apeleke ujumbe. Wiki iliyofuata jibu likaja: Maate anamsalimu baba, anamsalimu mama, hashuki.

"Atashukaje," Asanasio akasema, "na wewe unampelekea kila kitu? Mlimani kuna nini kigumu? Chakula anacho, wenzake anao, chumvi anavalishiwa na mama yake. Acha kupeleka wiki tatu uone kama hatatokea hapo mlangoni."

"Niache, mtoto afe?"

"Hakuna anayekufa kwa chumvi ya wiki tatu. Atachoka tu. Aliyechoka hurudi nyumbani."

Tuligombana mpaka Célestin akatoka kibandani kwake. Nilidhani atanitetea, maana kila mara alikuwa ananionea huruma kwa mwendo wangu.

"Mama Maate," akasema, "mimi nilitoka fasi ya vita. Kule kwetu, batoto benye walienda mu pori, tulibalilia, tulibaandikia barua, padri aliomba. Hawakurudi. Njala njo ilibarudisha. Walirudi mumoja mumoja, beko bakondefu, lakini beko bazima. Muzee anasema mambo ya kweli."

Nitasema ukweli, kwa kuwa umri wangu sasa hauna haja ya kujipamba. Sikukubali kwa sababu ya maneno ya Célestin wala ya mume wangu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kila Jumatatu nikilitazama lile shuka likikauka, machozi yalikuwa yananitoka kabla hata sijalivaa. Mtu akanionyesha mlango wa kupumzika na akauita upendo. Nikaingia.

Kukataa wazi kulikuwa hatari. Nyumba iliyokataa kupeleka ilihesabiwa ni nyumba ya adui, na nyumba za maadui zilikuwa za majani, zinashika moto upesi. Kwa hiyo sikukataa. Nilifua shuka kwa maji matupu, nikalianika mahali pale pale, nikalipiga wanga wa muhogo kidogo lipate ugumu wake, nikajifunga, nikapanda. Jumanne hiyo nilifika pangoni mapema kuliko siku zote. Miguu ilikuwa myepesi. Niliona aibu, na niliona raha pia, vyote kwa pamoja, na raha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Wiki ya pili Naome akaniambia, "Shuka lile lilikuwa limepoa."

"Mvua ilininyeshea njiani."

"Maate naye alisema itakuwa mvua."

Nikampa lingine, nalo halikuwa na kitu. Wiki ya tatu Naome alipokea bila kunitazama, nikajua jambo limeanza kufanya kazi. Usiku nililala nikimwona Maate anashuka kwenye migomba, mkondefu, mwenye hasira, mzima. Mapaja yangu yalikuwa yameota ngozi mpya. Asanasio alikuwa amefagia njia kuanzia barabarani mpaka mlangoni, kazi ambayo katika miaka ishirini na minane ya ndoa sikuwahi kumwona akiifanya.

Wiki ya nne ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu. Nilipofika pangoni Naome hakuitikia salamu. Kando yake alikaa Tefiro. Huyu nilimjua kabla hajawa mkubwa wa watu wa mlimani. Alikuwa seremala, na mabenchi ya kanisa letu aliyatengeneza yeye.

"Mama Maate, shikamoo. Nipe shuka."

Nilikwenda nyuma ya jiwe nikavua, nikampa. Alishika ncha moja akailamba. Akageuza, akalamba ya pili. Alilamba ncha zote nne, taratibu, nami nimesimama mbele yake.

"Hili ni la nne," akasema.

"Mvua," nikasema.

"Tangu Ijumaa mvua haijanyesha."

Nikakaza fundo la kitenge changu.

"La kwanza tulikubali ni mvua. La pili nilimwuliza mwanao, maana ndiye anayebeba kutoka hapa. Akasema ni yeye. Akasema alishindwa kuvumilia, akaliloweka kijitoni akanywa yale maji peke yake. Wenzake walitaka kumpiga, nikawakataza. Nilimpeleka lindo la juu, kwenye miamba, mahali pasipowashwa moto, akae huko na tamaa yake. Sasa wiki ya tatu yeye hayupo, shuka limekuja hivyo hivyo. Na leo nimelipokea kutoka kiunoni kwako. Niambie wewe, mama. Nani amelinyonya hili?"

Maate hakuwahi kuiba hata ndizi mbivu. Alipoonja lile shuka mara ya pili alijua. Alijua mama yake hasahau chumvi, alijua nimefanya kusudi, na alijua nyumba ya mtu anayefanya kusudi inafanywa nini. Ndipo akajiita mwizi mbele ya wenzake. Siku kumi na mbili alikuwa kwenye miamba ile, na mimi huku chini nafurahia ngozi mpya.

"Ni mimi," nikasema. "Sikutia chumvi. Hata mara moja katika hizi nne."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ashuke kabla ya Pasaka."

Tefiro alilikunja lile shuka vizuri, kona kwa kona. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Watu thelathini," akasema, "wamekula magimbi ya maji mwezi mzima ili mmoja ashuke."

"Nichome nyumba. Lakini mtoe kwenye baridi."

Akaliweka shuka juu ya jiwe. Kisha akamwambia Naome, siyo mimi, "Natuma mtu amlete. Aende kwao. Kijana aliyejitia wizi ili kumficha mama yake hawezi kupigana tena vita vyangu, kila akimwona mama wa mtu atageuka." Akasimama. "Alhamisi utakuwa naye."

Njia ya kurudi sikuiona. Nilifika nyumbani nikamwita Asanasio kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, na mambo ya siri yote yakanitoka mbele ya Célestin na Esperance. Asanasio alinisikiliza mpaka niliposema siku kumi na mbili kwenye miamba. Hapo alitazama pembeni. Kisha akasema, "Alhamisi. Ni kabla ya Pasaka." Akaenda kumchinja mbuzi mmoja, katekista, katikati ya Juma Kuu, wakati watu wote wamefunga. Nilimwuliza Mungu wake atasemaje. Akasema Mungu wake ni baba.

Alhamisi mvua ilianza mchana. Ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na askari katika mvua kama ile hawakutoka kwenye kibanda chao cha daraja. Nyama ilikuwa imeiva, nimepika bundu, ule ugali wetu wa muhogo, mkubwa wa kushibisha watu wanane. Célestin ndiye aliyewaona kwanza.

"Beko banakuja!" akaita. "Mama, beko bane!"

Wanaume wanne walitoka kwenye ukungu na machela ya mianzi mabegani. Nilisema moyoni, amechoka, hawezi kutembea, siku kumi na mbili si mchezo. Nilikuwa nimeshika kata ya maji nimpe anawe. Waliiweka machela chini ya upenu wa jiko, na mmoja wao, kijana ambaye mama yake namfahamu, akavua kofia.

"Mama," akasema, "tulimkuta kifua kimembana. Jana alikuwa anaongea. Leo asubuhi alikuwa anaongea. Tulipovuka mto akanyamaza."

Nilimfunua uso. Mikono yangu ilikuwa na moto wa jikoni, nikamshika mashavu kwa hiyo mikono, nikakaa hivyo nikidhani joto lingeingia. Wale vijana walikuwa na njaa. Walisimama wakitazama sufuria na wakaona aibu kutazama. Esperance ndiye aliyewapakulia. Walikula wamechuchumaa kwenye mvua, na mmoja alianza kulia kwa sababu ya chumvi iliyokuwa ndani ya mchuzi.

Asanasio hakulia. Alitoka nje, akaanza kuchimba yeye mwenyewe, Célestin akamwendea, wakachimba wote wawili mpaka giza likaingia. Tulimzika Ijumaa Kuu, bila ngoma, bila kengele, kwa maneno machache, kwa kuwa kaburi jipya la kijana lilikuwa maneno mengi tayari. Askari wakiliona wangeuliza ni nani, alifia wapi, na nani alimleta. Wakishajua, wangewatafuta wale wanne, na mama zao.

Tangu siku ile hadi leo, Asanasio hajawahi kusema kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi sijawahi kumwambia tena kwamba mkono ulikuwa wangu. Tunakula pamoja, tunalala pamoja, tunapalilia kahawa pamoja. Wakati mwingine anaacha jembe ananitazama, nami namwambia, palilia.

Kesho yake baada ya maziko, Jumamosi asubuhi, Asanasio alivaa koti lake la kanisani.

"Twende Bwera," akasema.

"Kufanya nini?"

"Leo ndiyo siku ya mwisho."

Nilidhani kichwa chake kimeharibika. Nilimfuata kwa kumwogopea. Tulifika ofisini, tukakuta meza imewekwa barazani na karani mgeni, mtu wa upande mwingine wa nchi, ana daftari na muhuri. Watu walikuwa wachache. Asanasio alivua kofia akasimama mbele ya meza.

"Nimeleta jina la mtoto wangu. Alikuwa mlimani. Ameshuka."

Karani akachangamka. "Vizuri sana, mzee! Jina yake?"

"Maate. Wa Karambi."

"Alishuka lini?"

"Alhamisi."

"Alikuja na bunduki?"

"Hapana. Mikono mitupu."

"Sasa iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Alichoka sana," Asanasio akasema. Mimi nilishika ukingo wa meza.

"Ni sawa, bora iko nyumbani. Lakini, mzee, sema kweli. Atakaa? Ama kesho atarudi kule juu?"

"Atakaa," Asanasio akasema. "Harudi tena."

Karani aliandika polepole, akatupa karatasi yenye muhuri ili askari wakija watuache kwa amani. Kisha akainuka, akampa Asanasio mkono, akanipa na mimi. Alisema tumefanya kazi nzuri, na kwamba kuna wazazi wengi sana ambao bado wanangoja.